Chanda Chema Kivikwe Pete na Majirani

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wanaojitolea kwa ajili ya Maendeleo Endelevu. Mara ya mwisho mwaka mzima kupewa heshima hiyo ilikuwa 2001. Kwa hiyo Desemba 5, siku ambayo tangu 1985 imetengwa kwa ajili ya watu hao, inastahili kupewa uzito kuliko kawaida. Maturubai yatafungwa, mgeni rasmi atafika, risala itasomwa na vyeti vitagawiwa. Nalifurahia jambo hilo. Lakini maandalizi yasianze kabla hatujakubaliana nani achague majina na nini kiandikwe kwenye vyeti hivyo.

Nasema hivi kwa sababu vyeti hivyo nimeviandika kwa mkono wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mwanza, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ofisi inayoandaa hafla kama hizo imekuwa ikiniletea vyeti vya shukrani kila zinapokaribia. Huja vikiwa vimechapwa tayari steshenari: karatasi ngumu, mpaka wa rangi ya dhahabu, nembo juu, nafasi ya sahihi mbili chini. Katikati kuna mstari wa nukta wa kuandikia jina, na chini yake maneno yaliyokwisha kuchapwa: "kwa kutambua mchango wako mkubwa katika maendeleo ya jamii." Pamoja na vyeti huja orodha ya majina. Kazi yangu ni kuyanakili kwa kalamu ya wino mweusi, bila kufuta.

Ukinakili orodha za namna hiyo kwa miaka mingi, unajifunza jinsi zinavyopangwa. Juu huwa kuna waliochangia fedha, aliyetoa nyingi akiwa wa kwanza. Hufuata wenye vyeo, kisha taasisi. Chini kabisa, vyeti vikibaki, utakuta "kikundi cha vijana" bila jina la mtu hata mmoja. Na maneno ni yaleyale kwa wote. Aliyeleta mifuko ya saruji kwa lori na aliyekesha na wagonjwa wa kipindupindu wanapewa sentensi moja. Mjukuu akikikuta cheti hicho kabatini baada ya miaka 20, hawezi kujua babu yake alimfanyia nani nini.

Hoja yangu ni hii: heshima ya mtu anayejitolea itolewe na wale aliowahudumia, mbele ya majirani zake, kwa maneno yanayotaja alichokifanya. Meza kuu ialikwe kushuhudia.

Wanaoifahamu Mwanza wanaijua milima yetu ya mawe. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda hadi kwenye majabali, na njia za kufika huko ni ngazi za mawe na vichochoro ambavyo hata bodaboda haipiti. Gari la wagonjwa husimama chini, barabarani. Mwanamke akishikwa na uchungu saa nane za usiku huko juu, kuna watu wanaopaswa kumshusha, na watu hao hawamo kwenye ikama ya hospitali yoyote.

Kwenye mlima ninaouona kutoka uani kwangu wanaoshusha wagonjwa ni vijana wa hapohapo. Mmoja ni fundi wa kuchomelea mageti, mwingine huuza dagaa, wengine ni vibarua wa ujenzi. Fundi alichukua kiti cha plastiki chenye mikono, akakiwekea fremu ya bomba la chuma lililobaki kwenye kazi ya mteja, akakichomelea mishikio minne. Mkanda wa kumfunga mgonjwa ni wa begi la shule. Wanashuka watu wanne na kiti, na wa tano ametangulia na tochi akitaja kila kinachokuja: "Jiwe. Maji. Kona. Ngazi mbili." Wawili wa mbele hushuka kinyumenyume ili wamwangalie mgonjwa usoni. Mvua ikinyesha, yule mwenye tochi hulikanyaga kila jiwe kwa uzito wake wote kabla wenzake hawajafika juu yake. Vijana haohao ndio hubeba majeneza kwenye njia hiyohiyo, mchana, wakati watu wengi zaidi wanawaona.

Niliwahi kumuuliza yule fundi wanahitaji nini. Alinijibu, "Mwalimu, tukipata buti inatosha. Ndala zinateleza sana kwenye mawe."

Kwenye orodha zote zilizopita mikononi mwangu sijaliandika jina la yeyote kati yao. Sababu si chuki ya mtu. Orodha huandaliwa ofisini, mchana, na watu wanaokumbuka mambo yaliyofika ofisini. Hundi hufika ofisini. Barua ya kampuni hufika ofisini. Mama aliyeshushwa mlimani usiku na kujifungua salama hafiki ofisini kutoa taarifa. Anarudi nyumbani kulea mtoto. Kama jina linatafutwa mahali ambapo huduma haikutolewa, litapatikana jina lisilo lenyewe.

Nchi hii ina deni kubwa la shukrani kwa watu wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nimekulia ndani ya deni hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 waliobaki hawajui walikuwa kama 10 katika kila 100. Ni nchi chache zilizopiga hatua kama hiyo katika muda mfupi kiasi hicho. Na wengi waliofundisha hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwa wahitimu wa shule ya msingi, wakulima na makarani, waliofundisha jioni baada ya kazi zao kwa posho ndogo sana. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi kwa vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mtu wa kijijini hapohapo.

Mama yangu alijifunza kusoma katika madarasa hayo, chini ya mwembe, kijijini kwetu Usukumani. Aliyemfundisha alikuwa binti wa jirani aliyemaliza darasa la saba, mdogo kwake kwa umri. Mama aliendelea kumwita "mwalimu wangu" hadi alipofariki, na binti huyo akipita nyumbani kwetu hakuruhusiwa kuondoka bila kula. Hiyo ndiyo heshima pekee ninayojua kwamba binti yule aliwahi kupewa kwa kazi ile. Ilikuwa heshima ya kweli, kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyefundishwa. Lakini watoto wake hawana karatasi inayoonyesha kwamba mama yao alikuwa sehemu ya ushindi huo wa taifa.

Linganisha na yaliyotokea karibu na sisi hapa Ziwani. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43: 19 walifariki na 24 walinusurika. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Taifa lilimtambua kijana mmoja kati yao, Majaliwa Jackson: alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza apelekwe kwenye mafunzo ya uokoaji. Ilikuwa haki yake, na naunga mkono kila kitu alichopewa. Hasa naunga mkono mafunzo, kwa kuwa zawadi hiyo ilimwambia kwamba alichokifanya siku moja kinaweza kuwa kazi ya maisha yake. Lakini mitumbwi ilikuwa mingi, na kamba zilivutwa na watu wengi. Ukiuliza leo majina ya wengine, utayapata mwaloni tu, pale mitumbwi inapotia nanga, kwa watu waliokuwapo.

Si Bukoba peke yake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, wavuvi ndio waliowatoa watu wa kwanza majini. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, waliokwenda kuokoa walikuwa wavuvi wa Nungwi kwa boti zao, pamoja na boti za kuwapeleka watalii kupiga mbizi. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, wafanyabiashara na wapita njia walianza kuondoa vifusi kwa mikono kabla mitambo haijafika. Ndivyo ilivyo kila mara: saa ya kwanza ya maafa ni ya majirani. Kwa hiyo kuwaheshimu majirani hao ni sehemu ya kujiandaa kwa maafa yajayo. Mwalo unaojulikana kwa majina ya waokoaji wake, wenye kamba, maboya na jaketi za kujiokolea zilizohifadhiwa mahali panapojulikana, utaokoa watu wengi kuliko mwalo uliopewa ngao ya ukutani.

Wenzetu wa Rwanda wanatupa mfano wa njia ya kufuata. Watu wanaoitwa Abarinzi b'Igihango, wengi wao wakiwa waliohatarisha maisha yao kuwaficha Watutsi wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, huanza kutafutwa ngazi za chini kabisa za utawala, kwa ushuhuda wa wanaoyajua matendo yao, kisha majina ndiyo hupanda juu. Jambo zito kiasi hicho halingeweza kuachwa kwa kamati ya watu watatu ofisini. Kenya nayo, kwa Katiba yake ya 2010, iliigeuza sikukuu ya Oktoba 20, iliyokuwa ya kumuenzi kiongozi mmoja, kuwa Siku ya Mashujaa, ili shujaa asiwe mtu mmoja tu. Sisi tuna kila kinachohitajika kufanya vivyo hivyo mtaani.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo huwa halisemwi kwenye hafla. Cheti kisitumike kukwepa malipo.

Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifanya kazi ya kudumu kwa jina la kujitolea. Walipita nyumba hadi nyumba kutafuta watoto waliokosa chanjo. Walifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu kuhakikisha wanameza dawa hadi dozi inakwisha. Waliwapima watoto utapiamlo kwa ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi. Mradi ukija walipata fulana, kofia na posho ya siku za mafunzo. Mradi ukiondoka, kazi ilibaki na posho ikakoma. Namfahamu mama mmoja aliyefanya kazi hiyo hadi akalazimika kuacha kwa sababu viatu vilikuwa vinaisha na hakuwa na cha kununulia vingine. Alikuwa na vyeti vinne, vyote nimeviandika mimi.

Januari 31, 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wakipewa mafunzo rasmi na posho. Kenya ilikuwa imezindua mpango wake Septemba 2023 kwa wahudumu 100,000, kila mmoja akipata shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kiasi hicho ni kidogo kwa kazi wanayofanya, lakini msingi wake ni sahihi: kazi inayohitajika kila siku ilipwe kila mwezi. Ombi langu kwa Serikali yetu ni kwamba posho hizo zifike kwa wakati, kila mwezi, kwa kila mhudumu aliyeandikishwa.

Mfano mwingine mzuri ulianzia hapahapa Kanda ya Ziwa. Mpango wa m-mama ulianza Sengerema na Shinyanga kabla ya Rais Samia kuuzindua kwa nchi nzima Aprili 2022. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, unapigwa simu namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, kituo kinamwita dereva wa jamii, mtu wa eneo hilohilo mwenye gari lake aliyekwisha kusajiliwa. Akimfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu. Je, malipo hayo yamemwondolea dereva heshima? Hapana. Anaamka usiku uleule, anaendesha kwenye matope yaleyale, na kesho yake ana mafuta ya kumwahi mgonjwa mwingine. Aliyebuni malipo hayo alielewa kwamba wema wa mtu maskini una gharama, na gharama hiyo ikimlemea atashindwa kuendelea hata kama moyo wake bado unataka.

Kuhusu wafanyabiashara, nina maneno mawili.

La kwanza ni kwa kampuni kubwa. Zikileta madawati, nashukuru kwa dhati. Nimefundisha watoto waliokaa sakafuni, najua dawati lina maana gani kwa mwandiko na mgongo wa mtoto. Lakini kabla ya kampuni kupandishwa jukwaani na hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, majirani zake waulizwe mambo matatu. Wafanyakazi wake wanalipwa kwa wakati? Majitaka yake yanaelekea wapi? Madawati yaliyopita, nani aliyarekebisha yalipovunjika? Kampuni itakayojibu vizuri maswali hayo matatu inastahili kupigiwa makofi kwa nguvu zote. Isiyoweza kuyajibu ikalipe kwanza inachodaiwa, kwa kuwa kulipa deni ni wajibu, na mchango huanza pale wajibu unapokwisha.

La pili ni kuhusu biashara ndogo, ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtaani kwetu kuna mama anayekodisha maturubai na viti. Ana madaftari mawili. La kwanza ni la harusi na mikutano, lina safu ya bei na safu ya malipo ya awali. La pili ni la misiba. Kwenye daftari la misiba hakuna safu ya bei. Kuna tarehe, jina la familia, idadi ya viti vilivyotoka na idadi ya vilivyorudi. Turubai likichanika hulishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Viti vikipungua hununua vingine kwa faida ya harusi. Nilipolifungua daftari hilo nilikuta majina ya familia nyingi ninazozifahamu, za Waislamu na Wakristo, wenye uwezo na wasio nao, na ya kwangu ikiwamo. Kama kuna kumbukumbu ya huduma kwa jamii iliyotunzwa vizuri zaidi katika kata yetu, sijaiona.

Wapo wengi wa aina yake. Mwenye duka la dawa anayeamka usiku ukigonga dirisha. Mwenye mashine ya kusaga anayewasagia wajane bila malipo. Mama lishe anayewapa wanafunzi wawili uji kila asubuhi kwa sababu anajua nyumbani kwao hakupikwi. Mwenye kisima anayeacha geti wazi mgao wa maji unapozidi. Ukipiga hesabu ya walichotoa kwa mwaka mzima, baadhi yao wametoa sehemu kubwa ya mapato yao kuliko kampuni yoyote iliyowahi kupigwa picha na hundi. Hawaandikwi kwa sababu mchango wao hutoka kidogo kidogo, na hauna siku ya makabidhiano.

Najua kuna watakaonipinga kwa hoja ya dini, na ni hoja ninayoiheshimu. Watasema sadaka bora ni ya siri, na kwamba anayetenda wema kwa ajili ya Mungu hahitaji makofi. Ni kweli, na mtu akiomba jina lake lisitajwe, ombi lake liheshimiwe. Lakini siri ni haki ya mtoaji. Shukrani ni wajibu wa mpokeaji. Hakuna dini iliyomfundisha aliyepokea kunyamaza. Tena ninapowataja watu hawa mbele ya vijana, nawafundisha vijana ni nani wa kumfuata. Mtoto anayekua akiona makofi yanapigwa kwa mwenye fedha tu, atajifunza kwamba bila fedha hana cha kutoa. Kizazi kinachoamini hivyo hakitambeba mtu mlimani.

Kuna pia tabia yetu ya kungoja msiba. Wasifu wa marehemu ukisomwa ndipo tunapoambiwa kwamba alisomesha yatima watatu, kwamba alichangia damu kwa miaka, kwamba alitoa kipande cha shamba lake barabara ipite. Watu wanatikisa vichwa, "kumbe." Maneno hayo angeyasikia akiwa hai yangempa nguvu ya kuendelea, na wengine wangejua wa kumwendea walipokuwa na shida. Chukua uchangiaji damu. Mwanamume mwenye afya anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Anayefanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kimya kimya, ameshaokoa watu asiowajua. Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kila wilaya ingepaswa kuwajua watu hao kwa majina na kuwashukuru wakiwa wamesimama mbele yetu.

Napendekeza utaratibu rahisi, usiohitaji bajeti mpya.

Sheria yetu ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaupa kila kijiji mkutano mkuu, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi yake, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mitaa ya mijini nayo ina mikutano yake. Katika mkutano wa mwisho kabla ya Desemba 5, ajenda moja iwe ya shukrani. Jina lipendekezwe na mtu aliyehudumiwa, wala si na mtu wa ofisini. Asimame aseme: fulani alinifanyia jambo hili, wakati huu. Wawili wengine wanaolijua jambo hilo wathibitishe. Mwenyekiti aulize kama kuna mwenye pingamizi, kwa kuwa tunaishi pamoja na tunajuana. Kisha jina na sentensi hiyo viingie kwenye muhtasari wa mkutano, ambao unahifadhiwa.

Cheti kiandikwe sentensi hiyohiyo. "Kwa kuwashusha wagonjwa usiku kutoka mlimani hadi barabarani." "Kwa kuzipa familia za wafiwa maturubai na viti bila malipo." "Kwa kuwafundisha watu wazima kusoma kila Jumamosi." Nitafurahi kuziandika sentensi hizo hata kama mkono utachoka, na steshenari watapunguza gharama ya kuchapa maneno yasiyosema kitu.

Pamoja na cheti itolewe zawadi inayosaidia kazi iendelee, na mwenyewe aulizwe ni ipi. Vijana wa mlimani wanataka buti. Wakiongezewa tochi nzuri na machela ya kweli, itakuwa bora zaidi. Mvuvi atataka kamba na jaketi. Mama wa maturubai labda atataka nyuzi imara na msamaha wa ushuru mdogo fulani. Anayehudumia wagonjwa apewe kadi ya bima ya afya, maana ni aibu kwa mtu aliyewapeleka wenzake hospitali kukosa matibabu siku akiugua yeye. Kampuni zinazotafuta mahali pa kutoa mchango zianzie hapa: zinunue vifaa vinavyohitajiwa na watu ambao mtaa umewathibitisha. Kwa njia hiyo fedha ya mwenye nacho itaongeza nguvu ya mikono iliyokwisha kuanza kazi.

Mgeni rasmi bado ana nafasi yake, na ni nafasi ya heshima. Akae asikilize. Badala ya kusomewa risala ya mafanikio ya halmashauri, asomewe sentensi hizo moja baada ya nyingine, na aliyehudumiwa awe ndiye anayemkabidhi cheti aliyemhudumia. Mbunge au mkuu wa wilaya atakayesikiliza sentensi 30 za namna hiyo ataondoka akijua matatizo ya eneo lake kuliko kwa taarifa yoyote ya maandishi. Kila huduma ya kujitolea inaonyesha mahali ambapo huduma ya umma haijafika. Vijana wanabeba wagonjwa kwa kuwa njia haipo. Tukishawashukuru, tuwajengee njia.

Kwako msomaji nina ombi ambalo halihitaji kumngoja kiongozi yeyote. Wiki hii mfikirie mtu mmoja wa mtaani kwako aliyekufanyia jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Andika jina lake, alichokifanya na wakati alipokifanya. Kwanza mpelekee mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako. Kisha ipeleke karatasi hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji chako, udai isomwe kwenye mkutano ujao, na siku hiyo uwepo usimame uitetee.